Matundu Manne

Mchinjaji hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu mbele ya safari mtatamani kumchukia, na mkimchukia mtakuwa hamjaelewa kitu. Alimpenda dada yake kuliko wengi wanavyowapenda ndugu zao. Ndiyo maana Jumapili ile alipoingia kwake bila hodi na kumkuta anaosha vyombo, mikono ya gauni imekunjwa hadi juu ya viwiko, alisimama mlangoni na mfuko wake wa nyama akasahau hata salamu.

"Mama Chiriku, mikono hiyo imefanya nini?"

Dada yake alishusha mikono ya gauni haraka, na haraka ile ndiyo iliyomponza. Kaka alikuwa ameshaona. Kutoka kwenye kiwiko hadi karibu na kiganja kulikuwa na madoa ya zambarau, mengine mabichi, mengine yameanza kugeuka kijani pembeni. Uso nao ulikuwa umevimba, mashavu yamejaa hadi macho yameingia ndani.

"Si kitu, kaka. Ni damu tu. Nikijigonga kidogo inavilia."

"Unajigonga wapi kila siku? Nyumba ina kona ngapi hii?"

"Hata nikibeba ndoo inavilia. Daktari amesema ni bandama. Inazila zile chembe zinazogandisha damu. Na huu uso ni vidonge alivyonipa, vinavimbisha."

Mchinjaji aliweka mfuko mezani. "Bandama," alisema. "Dada, mimi kila siku alfajiri natoa bandama za ng'ombe kwa mikono yangu. Ni kipande cha nyama ambacho hata mteja mwenye njaa hakitaki. Namtupia paka. Leo hicho ndicho kinachokupaka rangi mikononi?"

Wakati huo mume akaingia kutoka uani, kwenye kibanda chake cha kazi. Alikuwa fundi sofa, mtu mpole, mwembamba, mwenye misumari midogo aliyoibana midomoni kama kawaida ya mafundi hao. Aliitema kiganjani ili amkaribishe shemeji yake vizuri. Mkononi alikuwa na nyundo. Mchinjaji aliitazama ile nyundo, kisha akamtazama dada yake, na hapo akawa amemaliza hesabu zake.

Na tusimlaumu upesi. Wanaume wanaowapiga wake zao wapo tele, na wake zao husema waligonga mlango, walianguka bafuni, ni damu tu. Mchinjaji alishamzika jirani mmoja aliyekuwa akianguka bafuni kila mwezi. Kwenye mazishi yale kila mtu alisema, "Tuliona, lakini tulinyamaza." Yeye alikuwa ameapa kwamba hatakuja kuyasema maneno hayo kwenye kaburi la mtu wake.

"Chiriku!" aliita. Binti wa miaka kumi na mmoja akatoka chumbani, daftari mkononi. "Mjomba amekuja kukuchukua. Fungasha nguo, utakaa kwa bibi mpaka mama apone."

"Shemeji, mtoto ana shule," Fundi alisema.

"Kwa bibi shule haipo?"

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa amechoka, tena siku hizo alikuwa akichoka hata kwa kusimama, akasema labda ni kweli, mtoto akapumzike huko kidogo. Basi Chiriku akaondoka na mjomba wake. Alipofika kwenye kona aligeuka akampungia baba yake mkono, na baba akapunga wa kwake wenye nyundo, kwa kuwa hakukumbuka kuiweka chini.

* * *

Vidonge vilishindwa. Asubuhi moja damu ilianza kumtoka Mama Chiriku puani, taulo la kwanza likalowa, la pili likalowa, na Fundi akambeba hadi barabarani kutafuta gari. Wodini walimwongezea chembe alizokosa, damu ikakatika. Daktari wa wodi akamwita Fundi pembeni, kwenye ukumbi uliojaa watu wenye ndoo na chupa za uji.

"Tiba iliyobaki ni kuitoa hiyo bandama," alisema. "Chanjo anazohitaji mtu asiye na bandama tulishamchoma, kwa hiyo upande huo yuko tayari. Ila sitaki kumpasua tumbo zima, damu yake haigandi. Una bahati. Kuna daktari mgeni, anaingia kwa matundu madogo na kamera, akiangalia kwenye kioo. Jeraha dogo, damu kidogo."

"Afanye tu, daktari."

"Ijumaa anaondoka. Kwa hiyo ni Alhamisi au basi. Na hatumwingizi chumbani bila akiba ya damu ya kundi lake kwenye jokofu. Kundi lake ni adimu, hapa hatuna. Wewe tumeshakupima, yako haifai. Ana ndugu?"

Alikuwa naye. Alipomzaa Chiriku alivuja sana, na aliyelala kitanda cha pili akatolewa damu alikuwa kaka yake mchinjaji. Jambo hilo lilikuwa hadithi ya furaha katika familia. Mchinjaji mwenyewe alipenda kutania kwamba mpwa wake alilipiwa nauli ya kuja duniani kwa damu yake.

Fundi alikwenda moja kwa moja buchani. Palikuwa na wateja, foleni ya wanawake na vikapu vyao. Aliwapisha, akajibanza pembeni hadi mchinjaji alipomaliza kumkatia mama mmoja mbavu.

"Shemeji, dada yako amelazwa. Anahitaji damu yako kabla ya Alhamisi."

Mchinjaji alifuta kisu kwenye aproni. Hakupunguza sauti, na wateja wote walisikia. "Umemfanya nini safari hii?"

"Sijamfanya kitu. Naapa."

"Damu yangu nitampa. Naweza kumpa yote. Lakini nikimjaza damu halafu nimrudishe kwako ukaimwage tena, nitakuwa nimefanya kazi gani? Njoo leo jioni kwa mama. Useme mbele yake kwa mdomo wako kwamba unampiga, na uape kuacha. Ukisema, kesho asubuhi nipo hospitali, mkono nimeshanyoosha. Ukikataa, nakwenda kumtoa wodini namtibu mwenyewe."

"Ukimtoa atakufa, shemeji."

"Kwako ndiko anakokufa."

Mama mwenye mbavu alipokea mfuko wake akamtazama Fundi kuanzia viatu hadi kichwani. Kisha akasonya.

* * *

Sebuleni kwa mama mkwe palikuwa na kochi ambalo Fundi mwenyewe alilivisha kitambaa kipya mwaka alipooa. Siku hiyo hakuambiwa alikalie. Walimwekea kiti cha plastiki katikati. Mama mkwe alikaa kochini na khanga kichwani, pembeni yake akiwa mama mdogo, mwanamke ambaye ukimwambia siri asubuhi, adhuhuri unaisikia sokoni ikiuzwa. Mchinjaji alisimama.

Njia nzima Fundi alikuwa akijiandalia maneno ya kueleza. Alitaka kusema habari za chembe, za vidonge, za daktari. Alianza hata kuyasema.

"Mama, huu ugonjwa unaitwa..."

"Hatukukuitia ugonjwa," mchinjaji alimkata. "Unampiga au humpigi?"

Saa ya ukutani ilikuwa inagonga. Fundi aliwatazama mmoja mmoja akaona kwamba hakuna hata mmoja aliyekuja kusikiliza. Akamfikiria mkewe na lile taulo la pili. Mtu akiwa na siku mbili tu mkononi, ukweli humwia mzito kuubeba.

"Nampiga," alisema.

Mama mkwe alitoa sauti ndogo, akaziba mdomo kwa khanga.

"Kwa nini?" mchinjaji aliuliza.

Hilo hakuwa amelitazamia. Alidhani neno moja lingetosha. Kumbe maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye alikuwa ameshavua. "Kwa... chakula. Chakula kikichelewa."

"Mwanangu alichelewesha chakula!" mama mkwe alisema huku analia. "Nilimlea kwa shida yote ile, akapigwe kwa sababu ya sufuria!"

"Unampiga kwa kitu au kwa mkono?" mama mdogo aliuliza. Alikuwa amesogea mbele kabisa kwenye kochi.

"Kwa mkono."

"Mkono upi?"

"Wa kulia."

Alikuwa mtu wa kushoto tangu utotoni. Anakula kwa kulia kwa sababu ya adabu, lakini nyundo, sindano na mkasi ni kushoto. Katika chumba kile chote hakuna aliyelikumbuka hilo.

"Omba radhi," mchinjaji alisema. "Si kwangu. Kwa mama."

Fundi akashuka kwenye kiti, akapiga magoti. Akaomba radhi kwa kosa baada ya kosa, yote ambayo hayakuwahi kutokea, na alilia, machozi ya kweli kabisa, maana aibu aliyoisikia ilikuwa ya kweli. Machozi yale ndiyo yaliyowathibitishia. Mchinjaji mwenyewe alilainika, akamwinua kwa bega. "Basi. Mwanamume ni kukiri. Kesho nipo hospitali."

Hapo ndipo Fundi alipoinua macho akaona pazia la mlango wa chumbani limesogezwa. Chiriku alikuwa amesimama nyuma yake. Alitaka kumwita. Lakini angemwambia nini mbele ya wale, na damu bado ilikuwa mwilini mwa mjomba wake? Pazia likarudi mahali pake.

* * *

Mchinjaji alitimiza ahadi. Alitoa damu, akanywa soda waliyompa, akauliza kama wanataka nyingine. Alhamisi Mama Chiriku aliingizwa chumba cha upasuaji akatoka salama. Jioni alikuwa anaongea, na kesho yake alikaa kitandani akaomba chai.

Ndugu walikuja kumwona. Mama mkwe alifunua shuka kutazama jeraha la mwanawe, akiwa amejikaza kuona mshono mrefu. Akaona plasta nne ndogo tumboni.

"Mbona matundu tu?"

"Manne, mama," alisema mgonjwa, tena kwa furaha. "Moja la kamera, mengine ya vyuma vyao. Hilo la kitovuni ndilo walilotolea bandama."

Mchinjaji aliinama akalitazama lile la kitovuni. Halikuzidi upana wa tundu la kifungo cha koti. Akainuka polepole. Nesi alikuwa akipita na dawa, akamsimamisha.

"Sista, bandama ya mtu ina ukubwa gani?"

"Kama ngumi hivi. Ya kwake ilizidi kidogo."

"Na imepita hapo?"

"Huwekwa kwenye mfuko humohumo ndani, ikasagwasagwa, halafu hutolewa kidogokidogo."

"Naomba niione."

"Haipo, kaka. Imekwenda maabara."

"Na huyo daktari aliyeitoa?"

"Ameondoka asubuhi."

Mchinjaji alitikisa kichwa. Hakuna mtu katika mji ule aliyefungua matumbo mengi kuliko yeye, na hajawahi kukitoa kitu chochote kwa tundu la kifungo. Nyama isagwe ndani ya tumbo la mtu, mtu huyo kesho yake aombe chai! Bandama imekwenda maabara, daktari amekwenda zake. Alimgeukia mama yake akasema kwa sauti ya chini, lakini mgonjwa akasikia: "Hapa hajatolewa kitu, mama. Wamemziba tu macho. Ila si neno. Dawa yake tulishaitoa sisi, pale sebuleni."

"Dawa gani?" Mama Chiriku aliuliza.

Akaambiwa. Mama mdogo ndiye aliyemwambia, pamoja na sufuria, mkono wa kulia na magoti.

Fundi alipoingia jioni na chupa ya uji, alimkuta mkewe amegeukia ukutani.

"Umesema ulinipiga."

"Nilitaka damu."

"Miaka yote hii hujaniinulia hata sauti. Halafu unakwenda kwa mama yangu unasema unanipiga kwa sababu ya chakula. Mimi! Lini nilichelewesha chakula?"

Kidogo wacheke wote wawili. Lakini mkewe akaanza kulia, akashika tumbo kwa sababu ya maumivu, na Fundi hakujua amshike wapi.

"Ningefanyaje? Niambie wewe. Ningefanyaje?"

"Sijui," mkewe alisema. "Ndiyo kinachoniuma. Ningekuwa wewe ningesema hivyohivyo. Nikitoka hapa nitawaambia ukweli."

* * *

Alitoka, akapona. Vidonge vikapunguzwa hadi vikaachwa, uso ukarudi wa kwake, mzuri, wenye vishimo mashavuni. Na yale madoa yakafifia, yakaisha, hayakurudi. Aligonga kiwiko mlangoni makusudi, akasubiri siku mbili, mkono ukabaki safi. Alimwonyesha mumewe wakafurahi kama watoto. Hawakujua furaha ile inawachimbia shimo.

Kwa maana alipokwenda kwa mama yake kusema ukweli, alikwenda na mikono hiyohiyo safi.

"Hajawahi kunipiga," alisema. "Alisema vile ili kaka atoe damu. Ulikuwa ugonjwa."

"Na sasa umepona," mchinjaji alisema kwa upole.

"Nimepona kwa sababu wameitoa bandama."

"Dada. Kabla hajakiri, ulikuwa na madoa. Alipokiri na kuapa, madoa yakaisha. Mimi sikusoma, lakini hesabu hiyo hata mtoto anaijua."

"Nendeni mkamuulize daktari wa wodi!"

"Daktari atasema alichoambiwa. Hakuwa nyumbani kwenu."

"Mama, nisikilize wewe basi!"

Mama yake alimshika mkono, akaupapasa pale palipokuwa na zambarau. "Mwanangu, na mimi nilikuwa nasema hivyo kuhusu baba yako," alisema. "Nilikuwa nasema nimegonga kabati."

Watoto wake wawili wakamtazama. Hawakuwahi kulisikia hilo. Mama Chiriku alikuwa amekuja na maneno mengi, lakini baada ya neno lile hakuona pa kuyaweka. Kila alichosema kumtetea mumewe kilikuwa kimeshasemwa na wanawake wengine kabla yake, kwa uongo, kwa hofu, na kwa sauti ileile aliyokuwa nayo yeye.

Mama mdogo naye hakulala, habari ikafika sokoni. Kazini kwa Fundi mambo yalibadilika polepole. Zamani mteja alimkaribisha ndani, apime kochi, anywe na maji. Sasa wanawake wakamtolea viti nje kwenye varanda, na mlango ukavutwa nyuma yao. Mmoja alimlipa kupitia dirishani. Wanaume ndio waliomuudhi zaidi. Kuna waliokuja kibandani kwake, wakakaa kwenye sofa zisizo na kitambaa, wakamkonyeza: "Fundi, na wewe kumbe? Ulivyo mpole! Wakati mwingine lazima, siyo?" Aliwaomba wanyanyuke, anataka kupiga misumari.

Lakini hayo aliyamudu. Aliyemsubiri ni Chiriku. Kila Jumamosi mama yake alimfuata, na kila Jumamosi alirudi peke yake. Bibi alisema asilazimishwe. Mama alimweleza bintiye tangu mwanzo hadi mwisho, akamfunulia tumbo amwonyeshe alama nne ambazo sasa zilibaki kama za tetekuwanga. Mtoto aliangalia, akaitikia "ndiyo mama" kwa ile adabu ambayo watoto humpa mtu mzima wanayemhurumia. Usiku akamwambia bibi yake kwamba mama bado anaogopa.

* * *

Alirudi mwenyewe likizo ilipoanza. Fundi alikuwa kibandani, anatandika sponji kwenye kiti cha mteja, akasikia hatua. Akageuka, akamwona binti yake kwenye mlango wa uani na begi begani. Alikuwa amerefuka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba." Aliweka kila kitu chini. Hakumsogelea, kwa kuchelea kumtisha, akabaki amesimama na mikono wazi ili aonekane hana kitu. "Umekuja na nani?"

"Mjomba amenileta mpaka barabarani."

"Karibu. Hapa ni kwenu. Mama yupo ndani."

Mtoto hakwenda ndani. Alikuwa na jambo, na lilionekana alilifanyia mazoezi njia nzima, kama baba yake alivyowahi kufanya. Alivuta pumzi.

"Baba, nilikuwa sitaki kuja. Nilikuwa nakuchukia. Lakini mjomba ameniambia wanaume wengi hawakiri, wewe ulikiri. Ameniambia ulipiga magoti, na mimi niliona. Na tangu siku ile hujampiga mama tena. Kwa hiyo mimi nimekusamehe."

Mama Chiriku alikuwa ameshatoka jikoni, amesimama kizingitini na mwiko mkononi. "Chiriku," alisema, "baba yako hajawahi..."

Fundi alimwona binti yake anavyomgeukia mama. Uso wake ulijifunga. Aliangalia kwanza mikono ya mama yake, mmoja halafu wa pili, akitafuta alama, kisha akamtazama baba yake, na mkono wake ukapanda ukashika mkanda wa begi. Hatua chache tu nyuma angekuwa ameshafika barabarani, na mjomba pengine bado alikuwa palepale, anasubiri kuona.

Fundi akamwinulia mkewe kiganja, taratibu, kumwomba anyamaze.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Sitarudia tena."